Oringi, Gundi na Filta ya Miaka Saba

Kilichonipa habari kwamba filta imeanza kuvuja ni soksi. Asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya tangi nikiwatilia samaki chakula, nikahisi ubaridi kwenye unyayo wa kushoto. Kutazama chini, zulia limebadilika rangi, na mlango wa kabati inamokaa filta una michirizi ya maji kama jasho. Nikafungua. Tone moja lilijikusanya ukingoni mwa mfuniko, likanona, likaanguka. Nikahesabu mpaka sita, likaja jingine.

Filta yenyewe ni ya kopo, ile inayokaa chini ya tangi kama ndoo, mfuniko wake umebanwa kwa vibanio vinne, mpira mmoja unashusha maji na mwingine unayapandisha. Tangi ni la lita 200, na ndani mna samaki wa dhahabu watano. Aliyewahi kuwafuga anajua walivyo: wazuri kuwatazama, ila kwa uchafu hawana mpinzani. Filta ilikuwa na miaka saba. Miezi miwili kabla ya hapo ilikuwa imeanza na kukoroma, nami nikauzoea ule mkoromo kama mtu anavyozoea wa mwenzake wa chumbani. Sasa inakoroma na kuvuja. Mama watoto alipita, akainama, akatikisa kichwa. "Baba watoto, hii si imezeeka? Nunua nyingine yaishe."

Ningemsikiliza siku ileile, kama si yale yaliyonipata kwenye filta ya kwanza.

Ile ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kuzamishwa ndani ya tangi, yenye sponji moja. Ilifanya kazi mwaka na nusu, kisha ikalegea. Maji yaliyokuwa yakitoka kwa nguvu yakawa yanachuruzika tu. Sikuifungua hata kuitazama. Nilinunua mpya, kubwa zaidi, nikaing'oa ya zamani pamoja na sponji yake iliyojaa tope, nikampa jirani bure. Nikaona nimalizie kazi: nikaosha kuta za tangi, nikaosha kokoto kwa maji ya bomba mpaka zikang'aa. Maji yakawa maangavu ajabu. Nilipiga hata picha.

Siku ya tatu samaki walikuwa wamejazana juu, midomo wazi, wanagugumia hewa. Siku ya tano mmoja akalala ubavu. Nikadhani ni ugonjwa, nikatia dawa, haikufaa kitu. Nilipomweleza mtu mmoja aliyefuga samaki miaka mingi, hakuniuliza juu ya dalili. Aliniuliza, "Sponji ya zamani unayo bado?"

Sikuelewa anataka nini na kitambaa kichafu. Akanieleza kwa utulivu, nami nikajiona mjinga kadiri alivyoendelea. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yao, na amonia ni sumu kwao wenyewe. Kinachowaokoa ni bakteria. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao hawaelei ovyo majini. Wengi wao hushika mahali, penye maji yanayopita na oksijeni ya kutosha, na hakuna mahali pazuri kuliko ndani ya filta. Tope lile la kahawia nililolionea kinyaa ndilo lililokuwa likiwaweka samaki hai. Na walionusurika kwenye kokoto niliwaosha kwa maji ya bomba yenye klorini, ambayo kazi yake ni kuua vijidudu.

Kuwarudisha si kazi ya siku mbili. Bakteria wanaoozesha chakula huongezeka maradufu kwa makumi ya dakika tu, ila hawa huchukua saa nyingi, hata siku nzima. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji wiki nne mpaka sita kabla halijatulia. Hata wataalamu walikosea kuwatambua kwa muda mrefu: vitabu vya zamani vya ufugaji vilimtaja Nitrobacter kama ndiye mla nitriti, mpaka Timothy Hovanec na wenzake walipochapisha utafiti mwaka 1998 kuonyesha kwamba kwenye matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na jamaa wa Nitrospira. Kwangu jina halikubadilisha kitu. Walikuwa wamekwenda na sponji. Wiki tano nilibadilisha theluthi ya maji kila siku, na samaki watatu kati ya sita nikawazika.

Jirani, kwa upande wake, aliifungua ile filta akakuta kokoto moja imekwama mdomoni na utando umejaa kwenye bomba. Akaitoa, akasugua, ikapiga maji kama mpya. Wahenga walikataza kuacha mbachao kwa msala upitao, na mimi wangu nilikuwa nimeugawa bure. Hakuna siku tunayokutana asinikumbushe.

Kwa hiyo matone yale yalipoendelea kuanguka, sikuwa na haraka ya kununua chochote. Kuna watu wana kanuni yao: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kifaa kipya, tupa. Kwa redio sawa. Kwa filta ya samaki siipendi, kwa sababu inahesabu pesa peke yake na kusahau wale wadudu waliojenga kwao humo miaka saba. Swali langu la kwanza siku hizi ni: kilichoharibika kiko wapi? Ni kitu kinachochakaa na kubadilishwa, ni kitu kinachobeba uzito wa maji, au ni umeme?

Nilianza na uvujaji. Maji ni mwongo; huonekana mahali ambapo hayakutokea. Nilizima umeme, nikakausha kopo lote kwa taulo, nikazungushia karatasi laini ya chooni kila kiungo: mfuniko, vali mbili, sehemu mbili mpira unapoingilia. Nikawasha tena, nikakaa sakafuni na tochi. Baada ya dakika tatu hivi, karatasi ya mfuniko ikaweka doa upande wa nyuma, dogo kama kunde, kisha doa likatambaa. Vali zilikuwa kavu kabisa. Kama ningekwenda na macho tu, ningelaumu vali, maana chini yake ndiko maji yalikokuwa yakidondokea.

Mhalifu alikuwa oringi ya mfuniko, ile pete ya mpira inayoziba mwanya kati ya mfuniko na kopo. Ikiwa mpya, ukiikata na kuitazama, ni duara kama waya mnene. Yangu ilikuwa imelala bapa upande mmoja, na mahali pamoja ilikuwa imevimba na kunata. Chini yake nilikuta chembe mbili za mchanga. Lililoniuma ni kwamba kuvimba kule nilikuleta mwenyewe: kila nilipofungua filta nilikuwa naipaka mafuta ya mgando ili iteleze. Mipira mingi ya aina hii haipatani na mafuta yatokanayo na petroli. Hulainika, huvimba, hupoteza umbo. Inayotakiwa ni grisi ya silikoni, kiasi cha kung'arisha tu, si kulowesha.

Kisha mkoromo. Chini ya kichwa cha mota kuna kifuniko kidogo cha kuzungusha, ukikitoa unaona feni ya pampu: kipande cha sumaku chenye mapanga madogo juu yake, kinachozunguka kwenye shafti ya kauri nyembamba kuliko njiti ya kibiriti. Nilipoivuta feni, sumaku iling'ang'ania, kisha ikaachia ghafla, na shafti ikatoka vipande viwili. Ilikuwa imevunjika katikati, sijui lini. Kwa miezi miwili ile sumaku ilikuwa ikizunguka kwa kuyumba, ikijisugua ukutani. Ilikuwa na mkwaruzo unaong'aa upande mmoja tu.

Kabla ya kuagiza vipuri nilitaka kujua filta imepungukiwa kiasi gani. Nilipachika vipande viwili vya shafti na feni yake kama vilivyokuwa, nikawasha, nikauelekeza mpira wa kurudisha maji kwenye ndoo ya lita 10 iliyowekwa usawa wa mdomo wa tangi, simu mkononi kupima muda. Boksi linasema lita 1,000 kwa saa, yaani ndoo hiyo ijae kwa sekunde 36. Usiliamini boksi, hupima pampu tupu, bila sponji, bila kimo cha kupandisha maji, na ukipata nusu yake au zaidi kidogo nyumbani, filta ni nzima. Mimi nilipata sekunde 95. Hiyo ni kama lita 380 kwa saa, tangi zima halizunguki hata mara mbili.

Nikatoa mipira yote miwili, nikaipitisha brashi ndefu. Ulitoka utando mweusi mrefu kama mkia. Nikapima tena kwa feni ileile mbovu: sekunde 64. Yaani zaidi ya nusu ya ule uzee wote wa filta ilikuwa ni mipira michafu! Nilikaa nikaitazama ndoo, nikamkumbuka jirani. Vipuri vilipofika, nikaweka feni mpya, shafti mpya na oringi mpya, ndoo ikajaa kwa sekunde 56, bila mkoromo, bila tone. Vipuri vyote vitatu havikufika hata robo ya bei ya filta mpya.

Ningeishia hapo ningeonekana mwerevu. Lakini kwenye kufunga ule mfuniko nilikandamiza kibanio kimoja kwa nguvu za furaha, kikalia *ta!* na kukatika masikio.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wa upande wa pili. Mtu aliyeumizwa na kutupa ovyo hugeuka kuwa mtu asiyetaka kutupa chochote. Nilichukua gundi kali, ile inayoshika papo hapo na vidole vyako, nikakiunganisha kibanio. Kikashika. Nilikivuta kwa mkono, kikastahimili. Vibanio vingine vitatu vipo, nikajiambia, hiki ni msaidizi tu.

Gundi ya namna ile inapokauka huwa ngumu na dhaifu kama kioo chembamba, na kibanio kazi yake ni kujipinda kidogo muda wote, usiku na mchana, kikishikilia mfuniko usiinuke. Kilikaa siku tisa. Usiku wa siku ya kumi kiliachia, mfuniko ukainuka upande mmoja, na maji ya tangi yakaanza safari. Nafikiri watu wengi hawalijui hili mpaka liwapate: filta ya kopo ikifunguka, pampu si kitu. Hata ukizima umeme, maji yatateremka yenyewe kupitia mpira wa kunyonya mpaka usawa uwe chini ya mdomo wake. Wangu ulikuwa shibiri moja kutoka sakafu ya tangi. Niliamshwa na sauti ya pampu ikizunguka kavu, sauti ya juu, yenye kukereketa. Zaidi ya lita 100 zilikuwa zimeshafika chumba cha pili. Samaki watano walikuwa wamebanana kwenye maji yaliyobaki, wakinitazama, sina neno la kuwaambia.

Mama watoto naye hakusema kitu. Alileta ndoo na tambara, akaanza upande wake.

Tangu usiku ule kitu chochote kinachozuia maji yasimwagike sikiungi. Oringi, kibanio, vali, kopo lenye ufa: ama kipuri chake halisi, ama basi. Feni ikikufia, maji yanasimama, unapata saa kadhaa za kufikiri. Kibanio hakikupi hata dakika. Mwenye kiwanda aliuza vibanio kimoja kimoja, nikaagiza vinne, vikachukua wiki tatu kufika. Pia niliufupisha ule mpira wa kunyonya, sasa unaishia katikati ya tangi. Uchafu wa chini hauvutwi vizuri kama zamani, nalazimika kuuvuta kwa mkono kila wiki, lakini nalala.

Zile wiki tatu zilinifundisha jambo ambalo kwangu limekuwa kubwa kuliko feni na oringi zote. Sponji na vile vijiwe vya kauri vya ndani ya filta niliviweka wapi? Ukiviacha ndani ya kopo lililofungwa bila maji kupita, bakteria humaliza oksijeni iliyomo kwa saa chache, huanza kufa, na ukija kuwasha siku ya pili unamwaga kwenye tangi maji meusi yanayonuka kama yai viza. Ukivikausha, ndiyo mwisho wao. Nilivitia kwenye mfuko wa wavu, nikauning'iniza ndani ya tangi lenyewe, chini yake nikaweka jiwe la hewa lenye pampu yake ndogo. Nikapunguza chakula cha samaki kwa nusu. Nilipima amonia kila jioni kwa vile vipimo vya matone. Mara moja tu ilisogea hadi miligramu 0.25 kwa lita, nikabadilisha robo ya maji, ikashuka. Filta ilikuwa mezani vipande vipande na bado kazi yake ilikuwa ikifanyika. Nilipoona hivyo ndipo nilipoacha kuliita lile kopo filta. Kopo ni nyumba tu.

Nyumba ile ilidumu miaka miwili zaidi. Kisha jioni moja swichi ya usalama, ile inayokata umeme unapovuja, ikakata. Nikairudisha, ikakata. Nikachomoa vifaa vyote vya tangi, nikavichomeka kimoja kimoja: taa salama, pampu ya hewa salama, filta, *tak*, giza. Nilikigeuza kichwa cha mota chini ya taa ya simu. Ndani ya kile kishimo inamokaa feni kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nadhani mbegu yake ilipandwa usiku ule ilipozunguka kavu ikapata moto, ingawa kuthibitisha siwezi.

Nilikipeleka kwa fundi anayefunga koili za mota. Alikipima kwa mita, akakizungusha mkononi muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akakirudisha kwangu.

"Bosi, pampu ya kisima ningekufungia koili upya leo hii. Hii wameimwagia gundi ya plastiki yote, koili imo ndani kama mdudu kwenye ulimbo. Siwezi kuitoa bila kuivunja."

Nikamwambia ufa ni mdogo, labda tungeuziba kwa juu.

"Wewe huingiza mkono kwenye hayo maji?"

Kila siku, nikamjibu.

"Basi mimi siuzibi."

Sikubishana naye. Kichwa kipya cha modeli ile kilikuwa kimeacha kutengenezwa, kwa hiyo hata swali la bei halikuwepo. Nilinunua filta mpya, na kwa mara ya kwanza nikanunua nikiwa na amani. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa sponji mpya iliyokuja nayo nikaiweka kando. Vikapu vyake vilikuwa vyembamba kidogo kuliko vya zamani, nikakata sponji zangu kuukuu kwa mkasi zikaingia, vijiwe vya kauri nikavihamisha vyote bila kuviosha, ila kuvitikisa kidogo kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Karatasi ya maelekezo ilisema sponji zibadilishwe zote mara kwa mara. Wanaoandika hivyo ndio wanaoziuza. Mimi hubadilisha moja, nangoja mwezi au zaidi, ndipo nyingine, na kama haijachanika sibadilishi kabisa. Waya wa umeme niliuacha uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili maji yakishuka nao yadondoke sakafuni yasiingie kwenye umeme. Wiki mbili za kupima, amonia haikutoka sifuri.

Kwenye droo nina kopo la bati lenye feni ya akiba, shafti mbili, oringi mbili na grisi, vyote vya modeli hii mpya, nilivyoagiza wiki ileile niliyoinunua, kabla kiwanda hakijaamua kuacha kuitengeneza. Na kwenye kona ya tangi nimeacha filta ya pili, ya sponji tupu inayoendeshwa kwa pampu ya hewa, ikitoa mapovu mchana kutwa. Haina mota ndani ya maji, haina oringi, haina kibanio, na ikitokea ile kubwa imezima, bakteria wapo tayari. Ni mbaya kuitazama, nakubali. Mama watoto huiita "lile dude lako," na akija mgeni husogeza chungu cha maua mbele ya kona ile. Mgeni akiondoka, nakirudisha chungu mahali pake.